Besi ya Baba Ndani ya Sabufa

Mimi si fundi wa kusomea, lakini kitu kikikataa kufanya kazi mbele yangu nakichukulia kama matusi. Ofisini Kisii mjini, printa ikigoma wenzangu huniita mimi kabla ya kumwita anayelipwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kaka yangu aliponipigia simu kusema sabufa ya nyumbani imeungua, tununue nyingine, nilimjibu, "Umeifungua ukaona? Basi nyamaza, acha nifike."

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake, baada ya ibada, wanakwaya wenzake marehemu baba walikuwa waje kwetu, huku upande wa Sironga, kumkumbuka. Mwaka ulikuwa umetimia. Baba aliimba besi, na sauti yake ilibaki kwenye flashi moja tu, katika wimbo mmoja wa kwaya. Ukiucheza ule wimbo kwa simu unasikia kwaya nzima isipokuwa yeye. Besi yake ilitaka spika kubwa. Nami nilikuwa nimeshawaahidi wote kwamba watamsikia. Tena kwa mama yangu, jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, bisibisi inawekwa chini, hata kama umebakisha skrubu moja.

Nilifika saa kumi. Nikamwondoa kiboko wa kuchongwa kwa mawe laini ya Tabaka anayekaa juu ya sabufa, nikaondoa kitambaa cha kufuma kilichoifunika, nikaiwasha. Spika mbili ndogo zikaimba vizuri kabisa. Boksi kubwa kimya. Basi umeme upo, flashi iko sawa, fyuzi haijaungua. Nikazungusha kitufe cha besi hadi mwisho. Nikaweka kiganja kwenye tundu la nyuma, panapotoka upepo muziki ukipiga. Wapi! Hata pumzi.

Mama alikuwa kwenye kochi na sindano yake ya kufuma, uzi wa pinki magotini, ananitazama tu.

"Fundi, jua linakwenda."

"Liende, mama. Leo ni leo, asemaye kesho mwongo."

"Kesho ni Sabato," akasema, na kuendelea kufuma.

Nikachomoa waya ya umeme ukutani, nikapiga magoti sakafuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vichwa vya zile skrubu nne za spika kubwa vilikuwa vimekwaruzwa vibaya, kama vimefunguliwa kwa kisu cha jikoni. Nikamlaani kaka yangu kimoyomoyo. Nilipoivuta spika ikaja mikononi nyepesi, haikushikwa na waya yoyote. Aha! Lakini sikukimbilia kufurahi. Nilitoa betri kwenye saa ya ukutani, nikaigusisha kwenye ncha mbili za spika kwa vipande vya waya. Tup! Ile karatasi yake ikaruka. Nikagusisha tena. Tup!

"Nzima!" nikapiga kelele. "Mama, spika ni nzima! Nilisema mimi!"

Nikaingiza mkono ndani ya boksi kutafuta waya zilizochomoka. "Ni panya hawa," nikamwambia, "tangu mlipoanza kuweka mahindi humu sebuleni." Nikazivuta hadi kwenye mwanga, nyekundu na nyeusi.

Zilikuwa zimekatwa sawasawa. Kila ncha ilikuwa imekunjwa, ikazungushiwa uzi, ikapigwa fundo. Uzi wa pinki.

Nikainua macho. Sindano ilikuwa imesimama.

"Panya gani anajua kupiga fundo?" mama akauliza taratibu.

Ujuzi wangu wote ukaniishia pale sakafuni. Nikamuuliza kwa nini hakuizima tu, kama hakutaka kusikia.

"Yaya," akasema, akitikisa kichwa kukataa. "Wimbo nautaka. Kwaya naitaka. Yeye ndiye sikumuweza. Nikiwa jikoni sauti yake inapita sakafuni inanifikia miguuni, nami naitika. Naitika, mwanangu! Siku moja nikasonga ugali wa watu wawili, nikatenga sahani yake, nikangoja. Kesho yake nikachukua kisu."

Nililia, sioni haya kusema. Mwaka mzima nilimpigia simu kila Jumapili, nikimuuliza chai imechumwa kiasi gani na ng'ombe anakula vipi. Hilo la sahani sikuwahi kulijua. Nikamwambia tunaweza kuacha. Nitawaambia wageni imeungua, na kaka yangu atafurahi.

Mama akatazama nje. Jua lilikuwa bado juu kidogo ya majani ya chai.

"Utadanganya wanakwaya siku ya Sabato? Unganisha. Ila unichezee sasa, kabla hawajaja. Sitaki kusikia mara ya kwanza mbele za watu."

Nikafungua mafundo yake, nikarudisha waya kila moja mahali pake, nikazisokota na kuzifunga kwa tepu ya umeme. Skrubu nne. Mama mwenyewe alimrudisha kiboko juu. Nikawasha.

Soprano wakaanza, kisha wengine, na kwenye mstari wa pili baba akaingia. Sakafu ikatetemeka, kiboko akatetemeka.

"Naam," mama akaitika kwa sauti, machozi yakimtoka.

Lakini safari hii hakuinuka kutenga sahani; akabaki ameketi, wimbo ukaendelea hadi mwisho.