Wageni Watakapouliza Habari za Nekesa

Mwanangu, iko siku moja huko kwetu Kamukuywa inayonirudia kila nikikaa peke yangu. Nilikuwa msichana wa kuposwa. Wazee wa upande wa babu yako walikuwa wanakuja kuuliza ukoo wetu, si unajua vile huuliza: kuna uchawi? Kuna wazimu?

Asubuhi hiyo baba alimpeleka dada yangu Nekesa kwa shangazi, Kapsokwony huko mlimani, asionekane. Nekesa alianza kwa kupoteza macho, ikaja miguu, halafu akawa anaongea maneno yasiyoshikana. Wageni walipouliza, baba akasema, "Kwetu tuko sawa." Walipoondoka, nyanya yangu alimfokea baba mbele yetu sote: "Dada yangu alikuwa hivyo hivyo, tukamficha. Ati alipona? Si alikufa tu!"

Baba akamwacha Nekesa huko huko. Mimi nikaolewa huku Kitale, na Nekesa akafia mlimani. Nilipata habari ameshazikwa. Hakuwa na hata mmoja wetu wa nyumbani kando yake, mwanangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa, mamako, binti yangu, alipoanza kuona vitu viwili viwili, daktari alituuliza kama kuna mwingine kwetu. Wajomba zako wakaangalia chini. Nikasema yote. Akatueleza kwamba mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa, na kuna familia ambazo watu huzaliwa na askari wakali mno, wengine wakageukia ubongo wenyewe. Si laana, bana. Na si kila aliyerithi huugua. Habari za Nekesa zilimsaidia kujua atafute nini, akampa mamako dawa ya kuwatuliza hao askari. Leo anatembea.

Lakini wajomba zako walisema nimewaharibia binti zao soko. Hawaji tena. Krismasi nilikula peke yangu, na sikufichi, nililia.

Jumamosi wageni wako wanakuja. Watauliza. Waambie habari za Nekesa, za mamako, na uwaambie dawa iko. Na siku macho yako yakianza mchezo, kimbia hospitali, usiogope kutaja ugonjwa wa kwenu. Mchumba akiondoka, mwache aende.

Mungu akulinde kichwa na miguu, mwanangu. Akupe mume atakayesikia hayo yote na bado abaki ameketi.