Vidonge vya Jioni

Mama mshonaji wa pale sokoni Katangi bado hutia uzi kwenye sindano bila miwani, na hakosi tundu. Kilichopotea ni kuona upande wa kushoto. Mteja akisimama huko, hamwoni mpaka ageuze shingo nzima kama kuku. Mkasi ukiwa huko, huupapasa polepole kwa kuogopa ncha. Daktari wa macho alimkataza kumeza dawa zote za presha jioni, kwa sababu akilala presha hushuka mno na macho hukosa damu. Azimeze asubuhi. Lakini dawa hizo humkimbiza msalani, na tangu shule ziwe za bure, sare za wanafunzi hazimwishi mezani, hawezi kuiacha cherehani.

“Aiya, nimeze asubuhi, halafu niende haja wapi? Choo iko kule shuleni!” aliniambia jana jioni nikiwa nimeketi kando yake, akazitupa zote kinywani, akashushia chai. Nikainuka kumwokotea kitambaa kilichoanguka. Akafunika cherehani, akakigeukia kiti nilichokuwa nimekalia. “Haya mwanangu, tuonane kesho,” akakiambia. Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, karibu kumgusa, kitambaa chake mkononi.