Ufunguo wa Banda la Dagaa

Kuna neno nililolisema Katonga, kwenye banda la kukaushia dagaa, ambalo mpaka leo nikilikumbuka najichukia. Neno lenyewe ni la kawaida kabisa: "Inawezekana."

Banda lilikuwa la kikundi cha akina mama, na ufunguo wake ulikaa kwa mama mmoja wa Ujiji, mtu mzima, aliyeufunga kwenye pindo la khanga. Zamani aliandika joto la banda kwenye daftari, asubuhi na jioni. Nilipowafungia vipimajoto na kompyuta ndogo isiyo na kioo, nilimwambia kwa maringo ya fundi, "Mama, daftari lipumzishe. Mashine inaandika yenyewe." Akalipumzisha. Masika nzima hakuandika kitu.

Siku hiyo walikuwa wanamsubiri afisa wa samaki. Alitaka kuona joto la banda la masika yote ndipo awape kibali cha kupeleka dagaa mbali. Nilikuwa nimewaahidi kwamba ataliona kwenye simu yake, kwenye dashibodi, yaani ukurasa wenye michoro ya vipimo vyote. Nikafika mapema kujaribu. Ukurasa ukagoma kufunguka.

Kosa nililiona mara moja. Programu ile niliiweka ndani ya kontena. Si la chuma kama yale ya bandarini, ni namna ya kuifungia programu ndani ya kompyuta ikae peke yake na vitu vyake. Nilipolitengeneza sikuliwekea mlango wa kutokea nje, na likishatengenezwa hulitoboi. Unalifuta, unatengeneza jingine lenye mlango. Basi nikalifuta, kwa mstari mmoja tu wa maandishi. Jipya likawaka, dashibodi ikafunguka kwenye simu vizuri kabisa, na michoro yote ilikuwa mitupu.

Vipimo vya masika nzima vilikuwa vimehifadhiwa mle mle ndani ya kontena nililolifuta. Kuvitengea mahali nje ya kontena ni jambo la mwanzo kabisa analofundishwa mtu wa kazi hii. Mimi siku ya kufunga mashine nilikuwa na haraka ya kurudi Gungu kuangalia mpira.

Akina mama wakakusanyika. Mwenyekiti wao akauliza vipimo vimekwenda wapi. Kabla sijafungua mdomo, yule mama mwenye ufunguo akasema taratibu, "Labda ni mimi. Asubuhi nilichomoa waya wa mashine nikachaji simu."

Kuchomoa waya hakufuti kitu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Wote wakanigeukia mimi, fundi, nami nikasema, "Inawezekana."

Afisa alikuja, akatazama ile michoro mitupu, akaondoka bila kuandika kibali. Wiki ile ile ufunguo ukahamia kwa mama mwingine. Habari ilinikuta Mwandiga kwenye kazi nyingine, nikajiambia Jumamosi nitakwenda kueleza. Jumamosi ikapita, na nyingine, na kila iliyopita ilifanya ile inayofuata kuwa ngumu zaidi. Niliogopa wasije wakasema fundi gani huyu. Huo ndio ukweli, hakuna zaidi.

Juzi nimekutana naye sokoni Ujiji. Nilitaka kupita upande wa pili, lakini alishaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaweka kikapu chini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Siku ile nilikuharibia kazi yako mbele za watu. Nimekuwa nikitafuta nafasi ya kukuomba radhi. Unisamehe."

Maneno ya kumweleza nilikuwa nayo, nimeyapanga miezi mingi. Alikuwa ananitazama machoni, anangoja, na pindo la khanga yake halikuwa na fundo.

Nikamwambia nimemsamehe.