Sarafu Iliyosuguliwa kwa Majivu

Mama mkwe wangu aliokota sarafu ya shaba ya enzi za Wajerumani akipalilia mpunga Kiberege. Akanipigia simu, maana anajua nakusanya sarafu za zamani. Alivyonieleza, ilikuwa nyeusi yenye ukijani, na maandishi yote yanasomeka. Weusi huo ndio thamani yenyewe. Ukiutoa, unabaki na kipande cha shaba tu. Kosa langu ni kwamba sikumwambia.

Jumapili nikapanda basi kutoka Ifakara. Baada ya salamu na wali kwa perege, aliniletea sarafu kwenye kisahani, juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. Alikuwa ameisugua siku mbili kwa majivu na ndimu, kwa sababu mkwe hapewi kitu kichafu.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

"Inafaa, baba?" akaniuliza. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka.

Nikamwambia inafaa sana.

Sarafu zangu nyingine sizigusi hata kwa kitambaa. Hiyo moja, kila ikianza kufubaa, naenda jikoni kuomba majivu.