Nevyana na Picha ya Ndege Nyasini

Katika mji wa Gorna Oryahovitsa, ambako karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kufanya kazi relini, Dobrin Tsonev alisifika kwa jambo moja: mwonyeshe picha ya safari, atakuambia ilipigwa wapi. Jumapili alasiri watu walikusanyika katika ukumbi wa maktaba, mmoja akarusha picha yake ukutani kwa projekta, wengine wakabahatisha mahali. Dobrin alikuwa kondakta wa treni za kwenda nchi za nje miaka mingi. Paa la kanisa, rangi ya teksi, nguzo ya taa, chochote kilimtosha.

Kisha presha ya macho ikamnyang'anya nuru, jicho moja, halafu la pili. Majira yote ya baridi alijifungia nyumbani akigombana na redio. Mkewe Nevyana, fundi cherehani, ndiye aliyemvalisha koti siku moja akamwambia waende ukumbini, yeye atakuwa macho yake.

Mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Dobrin alimuuliza anaona nini, akajibu, "Nyumba." Nyumba gani? "Nyumba ya watu, Dobrin." Ukumbi ukaangua kicheko. Lakini macho ya Nevyana yalizoea kusaka mshono uliokwenda upande. Polepole akaanza kumtajia nguo zilivyoanikwa, vivuli vilivyolala, madirisha yenye pazia na yenye mbao. Dobrin aliunganisha vipande, akataja mji, akapigiwa makofi peke yake. Nevyana hakulalamika, ila aliyasikia.

Jumapili moja ya Mei, Kamen mfamasia, mwenye mazoea ya kuzurura na gari lake kila likizo, alirusha picha ya ndege ya kivita ya zamani iliyoegeshwa kwenye nyasi ndefu. Hakuna jengo, hakuna kibao. Ndege za namna hiyo zimejaa katika makumbusho ya ndege upande huu wote. Watu wakasema ni Krumovo, karibu na Plovdiv, wanakopeleka wajukuu. Nevyana alimnong'oneza mumewe alichokiona, naye Dobrin akainua mkono.

"Krumovo," akasema.

"Siyo," akasema Nevyana.

Vichwa vikageuka. Kamen akatabasamu. "Shangazi, leo umempindua mzee?"

"Tazameni nyasi," akasema. "Hicho kivuli kimepinda kama ukingo wa sinia, na ni kikubwa kuliko ndege yenyewe. Hapo ni Belgrade, ng'ambo ya mpaka, njia ya uwanja wa ndege. Kuna jengo la vioo kama uyoga, kivuli ni chake."

Dobrin aligeuza uso upande wake. "Tulifika pamoja huko. Mbona mimi silikumbuki?"

"Siku ile ya Ralitsa. Wewe ulikuwa unahangaika na masanduku. Mimi nilitafuta kitu cha kutazama, nisilie mbele ya mtoto."

Ralitsa ni binti yao wa pekee. Alipandia ndege Belgrade kwenda Kanada, na huko ndiko anakoishi hadi leo.

Kamen akaigeukia projekta. Alirusha picha ya pili: ndege ileile kutoka mbali, na nyuma yake uyoga mkubwa wa vioo. Kisha akavua kofia yake mbele ya Nevyana.

Makofi yalipolipuka, Dobrin alijua si yake. Akasimama, akapiga na wenzake, akawa wa mwisho kuacha. "Huyu ni mke wangu," akawatangazia, kana kwamba hawakumfahamu tangu harusi. Njiani alimsimulia muuza mikate, akamsimulia jirani waliyekutana naye kwenye ngazi, na walipoingia ndani akampigia simu Ralitsa kabla ya kuvua viatu. Nevyana alimwambia aache kumtia aibu. Lakini pale kwenye ngazi alikuwa amechelewa makusudi kutafuta funguo, ili hadithi ifike mwisho.

Wiki iliyofuata, mwalimu Svetla, mtunza ubao wa washindi, alitaka kuongeza alama chini ya jina la Tsonev, kama kawaida. Nevyana akamzuia. Akamwambia amwandikie mstari wake mwenyewe: jina lake, la baba yake na la ukoo, yote matatu.

"Na herufi ziwe kubwa," akasema Dobrin kutoka kitini, "wa nyuma wasije wakasema hawakuona."