Miaka Miwili ya Harmen

Baukje Terpstra wa mji wa Drachten alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake ilikuwa miguu ya wazee. Asubuhi mapema alishakuwa juu ya baiskeli, nyumba hadi nyumba, akiwavalisha zile soksi ngumu za kubana ambazo mtu wa miaka themanini hawezi kuzivuta peke yake. Hakuwa na makuu. Mchana alikula mkate na jibini, jioni alipika viazi, na ukimwonea huruma alikununia wiki nzima. Kitu kimoja tu kilikuwa kimemshika roho, nacho ni nyumba yake, ile ya mwisho kwenye safu, yenye dirisha kubwa linalotazama mfereji. Kuhama hataki, basi.

Tatizo ni kwamba nyumba haikuwa yake peke yake. Nusu ilikuwa ya Harmen, mume aliyeachana naye, dereva wa lori la maziwa. Mkopo ulikuwa kwa majina mawili, na kila mmoja alilipa nusu ya riba. Benki ilikwishamwambia Baukje waziwazi kwamba kwa mshahara wake wa soksi hawezi kuubeba mkopo huo peke yake. Siku Harmen atakapoacha kulipa, nyumba itauzwa.

Na kila mtu Drachten anajua wanaume huacha lini. Ukilipa riba ya nyumba unayoishi, serikali inakurudishia sehemu kwenye kodi. Ndoa ikivunjika ukahama, unaendelea kurudishiwa kwa miaka miwili tu. Ikiisha, unalipa riba kavukavu, na nani mwenye akili anakubali hilo? Baukje aliihesabu miaka miwili hiyo tangu hakimu alipotoa talaka. Kwa hesabu yake, Harmen alikuwa salama hadi Juni.

Ndiyo maana alimsema Harmen mbele ya watu. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya dada yake Rixt, watu wameketi duara na sahani za keki mapajani. Harmen naye alialikwa, kwa sababu huko mtu kuachwa na mkewe si sababu ya kuachwa na mashemeji.

"Hivi bado unakwenda kila Jumamosi kupaka rangi madirisha ya Baukje?" Rixt alimchokoza Harmen.

"Anakagua mali yake," Baukje alidakia. "Mwache. Anavuna kodi kwa mgongo wangu hadi Juni, halafu mtaona atakavyopotea."

Watu walicheka. Harmen alitafuna keki yake.

Mwezi Machi Baukje alikwenda maktaba, kwa mzee Folkert, mstaafu wa chama cha wafanyakazi anayewajazia watu fomu za kodi kwa kikombe cha kahawa. Alimuuliza, kwa kujihakikishia tu, kama Juni ndiyo mwisho.

"Bwana alitoka nyumbani lini?" Folkert aliuliza.

"Miaka minne inakaribia. Hakimu ndiye aliyechelewa."

"Mama, mamlaka ya kodi haimsubiri hakimu. Inahesabu tangu siku mtu alipohama. Huyo bwana harudishiwi kitu, yapata miaka miwili sasa."

"Lakini analipa. Benki haijaniletea hata onyo moja."

"Basi nusu yake analipa yote kutoka mfukoni mwake," Folkert alisema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Baukje aliona aibu. Hakurudi nyumbani. Alishika njia ya ziwani, upepo wa mbele ukimpiga kifuani, hadi kwenye kambi ya likizo ambako Harmen alikuwa akiishi ndani ya karavani, kile kijumba cha kukokotwa na gari. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba msamaha, na kuomba msamaha si jambo alilolizoea.

Harmen alimtolea kiti cha plastiki, kahawa, na biskuti moja.

"Umekuja na upepo wote huu?"

"Tangu lini hurudishiwi kodi?"

"Nani kakuambia?"

"Folkert. Usinizungushe."

"Muda kidogo."

"Muda kidogo gani, we bwana! Nimekusema mbele ya ukoo mzima, nawe umekaa unatafuna."

"Keki ilikuwa nzuri."

Nusura Baukje acheke, na hilo likamuudhi zaidi. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeiuza nyumba. Nakujua. Hukubali deni la mtu."

"Kwa hiyo umelipa ili nisihame?"

Hapo angeweza kusema ndiyo, na mambo yangeishia hapo, wakashukuriana na kuagana. Lakini Harmen alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na ndiyo kasoro yake kubwa. Alikizungusha kikombe mkononi.

"Nikiacha kulipa, Baukje, Jumamosi nitakuja pale kama nani?"

Baukje alikiweka kikombe chake chini. Iliuma, tena iliuma vibaya. Alikuja kumshukuru mtu mwema, akamkuta mtu ambaye kwa miaka minne hajaondoka. Amelala kwenye baridi ya ziwa, amevaa koti moja msimu hadi msimu, ili apate ruhusa ya kusimama kwenye ngazi mbele ya dirisha la mke asiye wake tena. Na yeye Baukje alikuwa akimfungulia mlango kila Jumamosi, akidhani anamfungulia mwenye nusu ya nyumba.

Alijua pia kwamba asiposema kitu, nyumba ni yake. Harmen angelipa hadi uzeeni. Yeye angefika kwake baada ya saa moja, akawasha taa, akaketi dirishani, na hakuna ambaye angemtoa. Aliitaka nyumba ile, tena sana.

"Utakuja kama mgeni," alisema. "Siko radhi uendelee kuishi hivi kwa ajili ya nyumba."

"Mimi sijalalamika."

"Najua. Ndiyo shida yenyewe."

Akatoa simu, akampigia dalali palepale ili nyumba iuzwe, Harmen akimtazama, maana alijijua: angefika nyumbani kwanza, asingepiga.