Paja la Swala

Mama Kisu hakuitwa hivyo kwa ukali, ingawa ukali alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima ukabaki. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kubandika sufuria kabla ya kunoa kisu. Miaka kumi na miwili alimpikia mhandisi wa madaraja, Mjapani mmoja mpole, na mke wa mhandisi ndiye aliyemfundisha teriyaki: sosi ya soya, tangawizi, kitunguu saumu, sukari kiasi na siki kidogo, vichemke mpaka viwe vizito ving'ae. Wao walipakaza kwenye kuku. Wazo la kupakaza kwenye nyama ya swala lilitoka kichwani mwa Mama Kisu mwenyewe, hakuazima kwa mtu. Siku ya kwanza mhandisi alipoonja, alinyamaza, akaongeza chakula, akanyamaza tena. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Madaraja yakaisha, mhandisi akarudi kwao. Mama Kisu akaishia kuchambua mboga kwenye kantini, chini ya mpishi asiyejua kwamba kitunguu kikishaungua hakifufuki. Mwaka wa nne huo, anachambua na kumeza maneno. Basi aliposikia nyumba ya wageni karibu na stesheni inatafuta mpishi mkuu, alivaa viatu vyake vya heshima akamfuata mwenye nyumba hiyo, mzee mmoja mnene wa kucheka upesi.

"Vyeti unavyo, mama?"

"Sina."

"Barua ya kazi ya zamani?"

"Sina. Mdomo unao?"

"Mdomo ninao," mzee akasema, akijishika tumbo.

"Basi njoo kwangu Jumapili mchana. Cheti changu kinaliwa."

Mzee akacheka mpaka akatoa leso. Akakubali.

Mama Kisu akaenda kwa mwindaji mwenye kibali, akanunua paja na mkono wa swala. Friza hakuwa nayo, kwa hiyo nyama akaipeleka kwa mdogo wake, mtaa wa pili, akamweleza na habari ya kazi ile. Huyo mdogo, Mama Kisu ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki alimbeba mgongoni, na alipokua akamfundisha jiko kila Jumamosi, tangu enzi yai lilipokuwa likimwona linatamani kurudi kwa kuku. Hakumficha kitu. Kwa nini swala hatiwi chumvi: soya inayo ya kutosha. Kwa nini anakatwa vipande vyembamba vya kukingama nyuzi za nyama: hana mafuta, ukimkata ovyo unatafuna kamba. Kwa nini anapitishwa kwenye kikaango chenye moto mkali, anatolewa upesi, anarudishwa mchuzi ukishakuwa mzito: ukimchelewesha anakuwa soli ya kiatu. Yote alimpa.

Alhamisi jioni mdogo akaja, uso umemshuka.

"Dada, umeme ulikatika jana kutwa. Paja limeoza. Nimewatupia mbwa."

"Na mkono?"

"Mkono umepona."

"Paja lioze, mkono upone, friza moja?"

"Mkono ulikuwa chini kabisa, dada, umegandana na barafu."

Mama Kisu akamtazama, kisha akasema pole, kana kwamba aliyepotelewa ni yule mwingine. Mtu uliyembeba mgongoni humuulizi mara ya pili.

Sasa mkono wa swala una mishipa na ubishi. Kikaango peke yake hakiuwezi. Jumapili Mama Kisu alinoa kisu mapema, akaubandika mkono kwenye moto mdogo na tangawizi nyingi, saa tatu nzima, mpaka nyama ikaachia mfupa yenyewe. Ndipo akaimwagia mchuzi wa teriyaki, akaigeuza kijiko kwa kijiko hadi kila kipande kikavaa rangi ya mbao iliyopigwa vanishi. Mdogo wake alikuwa ameahidi kuja kumsaidia. Akaleta salamu kwamba ana mafua.

Mzee akaja, akanawa, akala. Akala tena. Kisha akaweka uma chini, akaanza kuukunja ukingo wa kitambaa cha meza.

"Tamu, mama. Sikufichi, tamu. Ila nafasi nimeshaijaza. Nimekuja kwa sababu niliahidi."

"Umempa nani?"

"Mdogo wako. Jumatano alinipikia hiki hiki. Tena ile nyama ilikuwa laini zaidi, ya paja."

Mama Kisu alikuwa ameshika bakuli. Akalitua polepole mezani, mikono ikabaki imelishika.

"Alikwambia alijifunzia wapi?"

"Alisema ni ubunifu wake, na kwamba wewe dada yake umemuiga, huenda ukajaribu na wewe." Mzee akaona aibu ya mtu mwingine ikimpanda yeye. "Nilimuuliza maswali, mama. Mbona hatii chumvi, mbona anakata hivi. Alijibu yote bila kusita."

Angesitaje? Alifundishwa na anayejua. Mama Kisu akatafuta kichwani kitu kimoja alichomficha yule mtoto, kimoja tu, akitoe pale mezani kiwe shahidi wake. Hakukipata.

"Nikuombee umsaidie jikoni?" mzee akauliza.

"Maliza kula, mzee. Chakula hakina kosa."

Mzee alipoondoka, Mama Kisu hakuosha vyombo. Alikwenda mtaa wa pili na kandambili zake za jikoni, akamkuta mdogo wake anapiga pasi aproni nyeupe mpya. Mafua hayakuwepo.

"Mbwa walishiba?" Mama Kisu akauliza.

Pasi ikasimama juu ya kitambaa. Mdogo akaiinua haraka, isiunguze.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Wewe umri umekwenda, dada. Mimi nina watoto watatu, na baba yao unamjua, leo yupo kesho hayupo. Wewe hata usipopata, utaishi."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

Mama Kisu akafikiri, kwa sababu uongo hakuuzoea.

"Ningekataa. Ungeniomba hivyo hivyo."

Mdogo akaanza kulia. Zamani kilio kile kilikuwa kikimkimbiza Mama Kisu toka uani hadi chumbani. Safari hii miguu haikwenda.

"Kazi ungeichukua tu, ningenuna mwezi, yakaisha," akasema. "Paja ungelila, ningesema watoto walikuwa na njaa. Lakini umeniita mwigaji, kwa mgeni, kwa chakula changu. Hilo ndilo siwezi kulitafuna."

"Nitamwambia ukweli, dada. Kesho asubuhi."

"Hutamwambia. Ukimwambia utafukuzwa, na watoto watalala njaa, na mimi nitasikia. Umenifunga mikono, mdogo wangu. Umefunga vizuri." Akageuka mlangoni. "Kapike. Na ukipika, usinitie aibu."

Jumatatu alirudi kantini kuchambua mboga. Wasafiri wa stesheni walianza kuisifia ile nyama, na sifa zikamfikia, na yeye akitikisa kichwa tu kama anayesikia habari za mji wa mbali. Akikutana na mdogo wake njiani wanaamkiana. Habari? Nzuri. Watoto? Wazima. Basi.